Fundi Hapimwi kwa Sanduku

Mteja wa mjini ana namna yake ya kumpima fundi kabla kazi haijaanza: anatazama alichobeba. Akimwona anashuka kwenye bodaboda na furushi la turubai kwapani, anaguna. "Fundi, mbona umekuja mikono mitupu?" Siku ya pili anaitwa mwingine. Huyu kaja na bajaji, na inabidi kijana wa getini aitwe amsaidie kushusha sanduku la plastiki lenye magurudumu. Huyo anakaribishwa maji ya kunywa. Bei yake haibishaniwi sana, na hakuna anayeomba kuona kilichomo ndani.

Imani kwamba sanduku kubwa ni dalili ya fundi aliyekamilika imekaa vichwani mwa wateja, mafundi, wauza vifaa na hata wafadhili wa vyuo vya ufundi. Ni imani mbovu, na gharama yake humwangukia yule anayelibeba. Madukani inauzwa kwa hesabu ya vipande: seti ya vipande 46, seti ya vipande 108, na namba ikipanda boksi nalo linanenepa. Hesabu hiyo huingiza kila ncha ya bisibisi isiyozidi pingili moja ya kidole. Mnunuzi analipia pia boksi lililofinyangwa kwa umbo la kila kipande, hivyo siku kimoja kikipotea na kununuliwa cha kampuni nyingine, hakikai. Shimo linabaki wazi na fundi anaendelea kulizungusha mjini.

Chuma chenyewe hakikubaliani na imani hii. Lita moja ya chuma cha pua ina uzito wa karibu kilo 7.85. Mafundi ujenzi wengi hubebea vifaa vyao kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Ndoo hiyo ikijaa maji ina kilo 20, mzigo ambao watu wengi wanaujua shingoni. Robo tu ya nafasi yake ikishikwa na chuma, na robo tatu zikabaki hewa, uzito unakaribia kilo 40. Maana yake mkono huishiwa nguvu kabla ndoo haijaishiwa nafasi. Anayesanifu sanduku la zana kwa kuanza na swali la lita ngapi, ameuliza swali la muuza maziwa.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huanzia hesabu yake ya kunyanyua mizigo kwenye kilo 23, tena kwa hali nzuri kuliko zote: mikono miwili, mzigo umekaribia mwili, mgongo haujajipinda. Mikono ikisogezwa kutoka sentimita 25 hadi sentimita 50 mbele ya mwili, kikomo hicho hukatwa nusu. Sanduku pana hufanya hivyohivyo, kwa sababu linausukuma mzigo mbali na kifua. Na hesabu hiyo haihusu kabisa kunyanyua kwa mkono mmoja, ambavyo ndivyo sanduku la zana hubebwa kila siku, ngazi za ghorofa ya nne zikiwamo.

Watetezi wa sanduku kubwa, hasa wapenzi wa useremala, wana shahidi wao hodari: Henry Studley, fundi wa vinanda wa Massachusetts, aliyezaliwa 1838 na kufariki 1925. Sanduku lake, likifungwa, lina urefu wa karibu mita moja, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 24 hivi. Ndani yake zimo zana zaidi ya 250. Vibao vinafunuka na nyuma yake kuna vibao vingine, na kila patasi, koleo na kipimo kina mahali pake palipochongwa kwa kipimo chake. Lilipooneshwa Cedar Rapids, Iowa, mwaka 2015, watu walilipa ili walione, na walikuwa na haki. Ila sanduku la Studley lilikuwa la kutundikwa ukutani. Hakulipeleka kwa mteja, na lilipangwa vile kwa sababu halikuwa na safari. Anayelitaja kama hoja ya kuzunguka na zana 250 ametazama picha bila kuuona ukuta ulio nyuma yake.

Sanduku la safari lina kanuni nyingine, na ya kwanza ni hii: haliwi kubwa kwa sababu ya wingi wa zana, huwa kubwa kwa sababu ya zana moja ndefu. Atazame mtu yeyote sanduku la fundi bomba. Spana zake, koleo, testa na utepe wa nyuzi vinaenea kwenye nafasi ya sentimita 30. Kisha unaingia msumeno wa chuma. Bapa lake ni milimita 300, na likifungwa kwenye fremu yenye mpini, urefu wote unapita sentimita 40. Nyundo ya kung'olea misumari nayo inapita 30. Pima maji ya sentimita 60 inataka sanduku lake peke yake. Kwa hiyo fundi ananunua sanduku la sentimita 60 kwa ajili ya kifaa kimoja, halafu nafasi iliyobaki, kwa kuwa ipo, inajaa. Humo ndimo zinamokaa koki mbovu za mwaka juzi, vipande vya bomba "vitakavyokuja kufaa", na misumari iliyopinda.

Mtu anayesanifu kwa akili huanza na hiyo zana ndefu na kuihoji. Je, inaweza kufupishwa? Upo msumeno mdogo wa chuma wenye bapa la milimita 150, unaokata bomba la nusu inchi bila taabu. Ipo pima maji ya sentimita 23 inayotosha kunyoosha sinki au mita ya umeme. Ipo misumeno ya mbao ya mtindo wa Kijapani ambayo bapa lake linachomoka kwenye mpini. Je, inaweza kukaa nje? Fundi wa vigae hawezi kuikwepa pima maji ndefu, basi na ifungwe kwa mikanda ubavuni, sanduku libaki dogo. Ujanja wa kuilaza zana kimshazari upo pia, lakini ni wa kujidanganya, kwa sababu zana iliyolala hivyo hukata sanduku zima vipande viwili vya pembetatu na hakuna kingine kinachokaa sawa.

Kinachofuata ni kina. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanagonga masanduku ya bati ambayo vizazi vya wanafunzi wa bweni Kenya wameyajua: kifuniko, kitasa, na shimo moja refu ndani. Kwa blanketi na sare ni sanduku zuri. Nguo zikilaliana hazidhuriani. Patasi ikilaliwa na nyundo, makali yamekwenda. Na kinachotafutwa, kwa bahati ambayo kila fundi anaijua, kiko chini kabisa, kwa hiyo zana zote zinamwagwa sakafuni sebuleni kwa watu ili itolewe bisibisi moja. Hapo ndipo nafasi iliyodhaniwa kuokolewa inapolipwa, kwa dakika na kwa fujo. Mikono ileile ya Kamukunji inaweza kukunja bati la kina cha sentimita 10 lenye trei moja juu, na kazi hiyo si ngumu kuliko sanduku la shule. Lakini litagongwa siku atakapotokea wa kuliagiza.

Ushahidi mzuri kuliko wote umekaa chini ya kiti cha pikipiki. Kwa miongo mingi watengenezaji wa Japani waliziuza pikipiki zao zikiwa na kimfuko cha plastiki cha zana. Mle ndani hakuna anasa. Kuna spana za vichwa viwili, namba 10 upande huu na 12 upande ule, kisha 14 na 17. Kuna spana ya plagi iliyotengenezwa kwa kipande cha bomba, na ubavuni ina matundu ya kupitisha bisibisi ili iwe mpini wake. Bisibisi yenyewe ina mpini mmoja na chuma kinachogeuzwa, upande mmoja bapa na wa pili msalaba. Chuma cha vifaa hivyo mara nyingi ni laini, na fundi anayejiheshimu huvibadilisha mapema. Usanifu wake hauna haja ya kubadilishwa. Kila kilichomo kimeingia kwa sababu kuna boliti fulani kwenye pikipiki ileile inayokidai.

Hapo pana somo ambalo seti za vipande 108 hulifunika. Kwa kawaida ya Kijapani, boliti ya milimita 6 ina kichwa cha namba 10, ya 8 ina 12, ya 10 ina 14 na ya 12 ina 17. Viwango vya kimataifa vya ISO vinakwenda kwingine: ya 8 ina kichwa cha 13, ya 10 ina 16, ya 12 ina 18. Fundi ambaye riziki yake ni pikipiki za asili ya Kijapani anaweza kumaliza mwaka bila 16 na 18 zake kugusa chochote, lakini amezibeba kila asubuhi kwa kuwa zilikuja na boksi. Kwa boliti ya ajabu inayotokea mara moja moja, ipo ile ambayo mafundi huiita spana malaya. Ikitumiwa kila siku inakula kona za boliti, hilo ni kweli. Ikiwa akiba, inasimama badala ya namba nyingi.

Furushi la turubai lililoguniwa getini lina usanifu zaidi kuliko linavyoonekana. Fundi cherehani analishona kwa vijimfuko, kila kimoja kwa upana wa kifaa kimoja. Likikunjuliwa, zana zote zinaonekana kwa mara moja na hakuna iliyo juu ya nyingine. Mvua inalishinda, na halifai kwa keekee ya umeme. Hivyo wenye keekee huliweka ndani ya boksi fupi na mambo yanaisha. La maana zaidi ni kwamba mfuko mtupu unaonekana. Kifaa kilichosahauliwa chini ya sinki kinajulikana kabla fundi hajatoka mlangoni.

Wanaofikiri hilo ni jambo dogo wasome ripoti ya wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Australia ya mwaka 2024. Ndege ya Qantas aina ya Airbus A380 ilikaguliwa Los Angeles Desemba 2023, na kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25 kikaachwa ndani ya injini. Ndege iliruhusiwa kabla msako wa kifaa hicho haujaanzwa, ikafanya safari 34 na kuwa angani saa 294 kabla hakijagunduliwa tarehe 1 Januari 2024. Karakana za ndege ndizo zinazosisitiza kila zana iwe na kitanda chake kwenye sponji yenye rangi mbili, ili pengo lipige kelele. Mita moja na robo ilipotea katika mfumo huo. Ndani ya sanduku refu lililojaa mpaka juu, bisibisi inayokosekana haina hata pengo la kuacha.

Suala la vipimo linaweza kusemwa kwa ufupi. Kampuni ya Tanos ya Ujerumani ilileta masanduku yake ya Systainer mwaka 1993, yenye kitako cha milimita 396 kwa 296. Namba hizo si za urembo. Manane yanakaa sawasawa kwenye paleti ya Ulaya ya milimita 1200 kwa 800, na yote yanashikana moja juu ya jingine. Fundi anachukua mawili ya kazi ya leo na kuyaacha matano nyumbani. Ni ghali, na wengi hawatayanunua, lakini wazo lake ni la bure: pande zilizonyooka, kitako kimoja, mzigo unaogawanyika. Masanduku mengi ya bei nafuu yamepewa mabega ya mviringo ili yaonekane ya kisasa, na ukiyapanga mawili kwenye buti ya gari nafasi inapotelea katikati yao.

Upande wa pili una hoja moja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Fundi akikosa spana moja, kazi inasimama, nauli inarudiwa, na mteja hana subira. Ni kweli. Ila jibu lake haliko kwenye sanduku. Mteja ana simu. Apige picha ya koki, ya swichi, ya injini, aitume WhatsApp kabla fundi hajatoka nyumbani. Fundi naye awe na kabati kubwa kadiri anavyotaka, karakanani, na furushi lijazwe kila asubuhi kwa kazi ya siku hiyo. Anayebeba kila kitu kila siku hana uhakika wa anachokwenda kufanya, na mteja angepaswa kuliogopa hilo.

Waliobaki kuelezwa ni wale wanaogawa zana kwa vijana wanaohitimu vyuo vya ufundi. Sanduku kubwa linapendeza kwenye picha ya kukabidhi, bendera ya mradi nyuma na mgeni rasmi kashika upande mmoja. Picha ikishapigwa, anayebaki nalo ni msichana wa miaka 19 aliyesomea umeme wa majumbani, na anatakiwa apande nalo daladala saa kumi na mbili asubuhi. Fedha ya boksi na ya soketi ambazo hatazigusa ingemnunulia furushi la turubai, multimita inayosema kweli, koleo la kukatia, na bisibisi zenye mipini iliyopimwa kwa volti 1,000, ambazo kwa kawaida kwenye seti za vipande 108 hazimo.