UCHANGANUZI: Mali bila daftari? Majina ya mimea ndiyo ufunguo wa ghala la mbegu la Muguga

MAHAKAMA Kuu ilipobatilisha, mnamo Novemba 2025, vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyowazuia wakulima kubadilishana na kuuziana mbegu za kienyeji, vifijo vilisikika katika vijiji vingi nchini. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa mwaka wa 2022 na wakulima wadogo 15. Chini ya vifungu hivyo, mkulima aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa jela hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi Sh1 milioni.

Hata hivyo, uhuru wa kubadilishana mbegu hauna maana kubwa kwa mkulima ambaye mbegu yenyewe imemtoweka. Katika maeneo mengi, aina za wimbi, mtama, kunde na mboga za kiasili zilizopandwa na mababu zimepotea mashambani baada ya miaka mingi ya kutegemea mahindi na mbegu za madukani. Kwa baadhi ya aina hizo, tegemeo lililobaki ni hifadhi ya kitaifa ya mbegu iliyoko Muguga, Kaunti ya Kiambu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1988 na sasa iko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO). Ina takriban sampuli 50,000.

Swali linalozuka basi ni hili: mkulima akibisha hodi na kuomba mbegu kwa jina analolijua yeye, je, kompyuta ya hifadhi italitambua jina hilo?

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hifadhi ya mbegu, daftari hilo siku hizi ni programu ya kompyuta. Mojawapo ya programu zinazotumiwa na hifadhi nyingi duniani ni GRIN-Global, iliyobuniwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa ushirikiano na mashirika ya Global Crop Diversity Trust na Bioversity. Kabla ya sampuli yoyote kuingizwa katika programu ya aina hii, sharti kwanza orodha ya spishi za mimea iandaliwe. Kila pakiti ya mbegu hufungamanishwa na jina moja katika orodha hiyo. Jina likikosewa, kila taarifa inayofuata hupotoka.

Kazi yenyewe hufuata utaratibu maalumu. Huanza na familia ya mmea, kisha jenasi, kisha spishi, pamoja na jina la mtaalamu aliyeipa spishi hiyo jina. Baadaye huingizwa visawe, yaani majina ya zamani ya kisayansi, na kila kisawe huelekezwa kwa jina linalokubalika sasa. Mwisho ni majina ya kawaida, kila moja likiambatanishwa na lugha yake.

Hatua hiyo ya visawe ndiyo hupuuzwa mara nyingi, ilhali hasara yake ni kubwa. Mgagani, mboga ambayo Waluo huiita dek na Wakisii chinsaga, uliandikwa kwa miaka mingi kama Cleome gynandra. Leo wataalamu wengi huuita Gynandropsis gynandra. Iwapo sampuli zilizokusanywa zamani zimebaki chini ya jina la kwanza na zile za karibuni ziko chini ya la pili, mtafiti atakayetafuta jina moja ataona sehemu tu ya mbegu zilizopo. Anaweza hata kutuma watu kwenda kukusanya upya mbegu ambayo tayari imo kwenye jokofu.

Mfano mwingine ni mnavu, au managu kwa Wakikuyu. Vitabu na ripoti nyingi viliunganisha mboga hii yote chini ya jina Solanum nigrum. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kwamba mboga inayoliwa nchini hujumuisha spishi kadhaa, zikiwemo Solanum scabrum, yenye majani mapana na matunda ya zambarau, na Solanum villosum, ambayo matunda yake huiva yakawa ya rangi ya machungwa. Mkulima anayetaka mnavu wa majani mapana atasikitika akikabidhiwa ule mwingine, na lawama zitaelekezwa kwa mbegu ilhali kosa lilikuwa la karani.

Majina ya kisayansi nayo hayakai mahali pamoja. Mnamo Julai 2024, kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea lililofanyika Madrid, Uhispania, lilipiga kura kubadilisha majina ya spishi zaidi ya 200 yaliyotokana na neno linalowatusi Waafrika. Neno “caffra” katika majina hayo likawa “affra”. Kayaba, mmea wa miiba unaopandwa kama ua katika sehemu nyingi za Kenya, ni miongoni mwa mimea iliyoguswa. Dovyalis caffra ikawa Dovyalis affra. Orodha ambayo haina nafasi ya kuunganisha majina hayo mawili itaigawa mimea ya aina moja kuwa miwili.

Mbali na utafutaji, majina yana uzito wa kisheria. Mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki za mimea kwa chakula na kilimo, uliopitishwa mwaka wa 2001 na kuanza kutekelezwa 2004, uliorodhesha mazao 64 ambayo mataifa wanachama, Kenya ikiwemo, yalikubali kugawana kwa masharti sawa. Mtama, wimbi na kunde yamo. Mgagani na mchicha hayamo, na kwa hivyo anayetaka mbegu zake kutoka nchi nyingine hulazimika kufuata utaratibu wa vibali na makubaliano ya kugawana faida chini ya Itifaki ya Nagoya.

Hapa ndipo kosa dogo la kompyuta linapogeuka kuwa suala la kitaifa. Mawele yamo katika orodha ya mkataba huo chini ya jenasi Pennisetum. Wataalamu wengi wa uainishaji wameyahamishia jenasi Cenchrus. Afisa akibadilisha jina bila kuacha kiungo kwa jina la awali, kompyuta ikiulizwa ni sampuli zipi zinazohusika na mkataba inaweza kuyaruka mawele yote. Kinyume chake pia chawezekana, mbegu ambayo taifa lilipaswa kuijadili kwanza ikatolewa kana kwamba imo katika orodha ya kugawana.

Orodha ya spishi pia huongoza utunzaji. Mbegu za nafaka na kunde hukaushwa na kuwekwa katika baridi ya takriban nyuzi 18 chini ya sufuri, na zinaweza kuishi kwa miongo mingi. Mbegu za kakao na maembe haziwezi kuhimili ukaushaji huo, hufa. Viwango vya FAO vya mwaka wa 2014 vinataka mbegu zipandwe upya pindi uwezo wake wa kuota unaposhuka chini ya asilimia 85 ya kiwango cha mwanzo. Programu inaweza kukumbusha wahudumu kufanya majaribio hayo kwa wakati, lakini hutegemea kujua ni spishi gani iliyo ndani ya pakiti.

Wapo wanaohoji kwamba shughuli hii yote ya Kilatini ni anasa ya wasomi. Hoja yao ina mashiko kiasi, kwani mkulima hupanda mbegu, hapandi jina. Lakini yaliyoipata hifadhi ya ICARDA iliyokuwa Aleppo, Syria, yanatoa jibu. Vita vilipoifanya hifadhi hiyo isifikike, shirika hilo liliomba mwaka wa 2015 kurejeshewa nakala za mbegu zake kutoka ghala la Svalbard, Norway, ikiwa ni mara ya kwanza mbegu kutolewa humo. Mbegu hizo zilipandwa Lebanon na Morocco ili kuzalishwa upya. Lau masanduku hayo hayangekuwa na kumbukumbu za kueleza kilichomo, yangekuwa mizigo ya punje zisizo na maana.

Kuna pia hofu ya upande wa pili, kwamba kuandika majina ya wenyeji na matumizi ya mimea kutawafungulia wageni mlango wa kujinufaisha. Hofu hiyo haifai kupuuzwa. Kenya ilipitisha mwaka wa 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na taarifa kuhusu matumizi ya mimea zinapasa kuingizwa kwa idhini ya jamii husika. Hata hivyo, jina la mmea na mahali ulikokusanywa ni ushahidi unaoilinda jamii. Bila rekodi hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba mbegu fulani ilitoka Kitui au Vihiga kabla ya kudaiwa na mwingine.

Kinachohitajika hakina gharama kama ya mitambo mipya. Kwanza, hifadhi huhitaji kuchagua rejeleo moja la majina na kulifuata daima. Pili, jina lililoandikwa na mkusanyaji shambani halipaswi kufutwa. Marekebisho yaongezwe juu yake, yakiwa na tarehe na jina la aliyeyafanya. Tatu, spishi zenye utata zipandwe na kulinganishwa na vielelezo vya Hebaria ya Afrika Mashariki katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, yenye takriban vielelezo milioni moja. Kazi hiyo inahitaji wataalamu wa uainishaji wa mimea, taaluma ambayo vijana wachache huichagua. Nne, majina ya lugha za wenyeji yakusanywe kutoka kwa wakulima wenyewe, hasa wanawake wazee wanaozitambua aina kwa jani, ladha na msimu.

Hilo la mwisho halina muda wa kusubiri. Mbegu iliyokaushwa vyema yaweza kungoja miongo kadhaa ndani ya baridi ya Muguga. Mama mzee anayejua tofauti ya aina tano za kunde, na jina la kila moja, hawezi kungoja hivyo.