Makande ya Papo kwa Papo

Na Mzee Kijiko

Jumamosi nilikula bakuli moja la makande kwa shilingi 22,000. Narudia kwa ajili ya mke wangu, ambaye husoma safu hii akitafuta ushahidi: elfu ishirini na mbili.

Tulikuwa tumepanda Lushoto kutazama shamba la mapeasi ambalo shemeji yangu amelitamani. Wakati wa kushuka, kabla ya Soni, njaa ikatushika, na shemeji akaona kibao cha mbao: chakula cha asili, polepole. Hilo "polepole" lilitosha kunionya.

Tukaingia. Wenyewe ni mke na mume, miaka arobaini hivi. Bwana alikuwa benki, bibi kampuni ya simu, wote Dar. Nayajua kwa sababu habari hizo zilitangulia maji ya kunawa. "Shikamoo mzee wangu, karibu sana," akaanza bwana, aproni nyeupe haina hata doa, kisha akavuta kiti. Foleni ya Tegeta, presha ya bosi, malengo ya robo mwaka, usiku ule walipokaa sebuleni wakaamua basi. Shemeji macho yalimtoka. Mimi niliagiza makande.

"Tunakupikia sasa hivi, mzee, freshi kabisa," akasema bibi.

Hapo ndipo niliponuna, na mpaka leo nimenuna. Makande hayapikwi sasa hivi! Mahindi makavu yanalowekwa usiku kucha, ndipo yanakaa motoni hadi yakubali. Mtoto yeyote wa Kisambaa analijua hilo. Tukangoja karibu saa mbili. Mhudumu akaniletea karatasi nijaze, nimeridhika kwa kiasi gani, 1 hadi 10, na sijatia kitu mdomoni. Jikoni bwana akaitisha kikao. Wahudumu watatu, wateja wawili, kikao! Bodaboda ikapita uani na ndoo nyeupe imefungwa kwa mpira.

Wanasema wameacha ofisi. Wameipandisha mlimani tu. Na si wa kwanza: Wajerumani walipaita Lushoto Wilhelmstal, wakawa wanapanda kukimbia joto la pwani, naapa na mafaili yao kwapani. Ugonjwa wa sasa umeletwa na zile video za "niliacha kazi", zinazokatika kabla ya kodi ya mwezi wa tano. Mtaniandikia kwamba nina wivu. Ninao. Wenzetu wanaacha kazi; sisi waandishi kazi ndiyo hutuacha.

Makande yakaja kwenye kibakuli cha udongo. Vijiko sita; nilihesabu, jina hili sikupewa bure. Juu yake jani moja la giligilani, limesimama kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Nikaonja. Matamu! Hilo liliniudhi kuliko bei. Tui limekolea, mahindi yamepasuka, maharage hayajarojeka, mkono wa mtu aliyeanza kuungua vidole akiwa mdogo. Nikaitazama tena ile aproni. Hesabu ikanikataa.

Nikalipa. Tukaondoka, shemeji mapeasi keshayasahau, anauliza kodi ya kijumba chenye mandhari itakuwa kiasi gani. Nikakaa kimya. Kigari chetu kikakohoa mara tatu na kuzima palepale stendi ya Soni, na vijiko sita havimfikishi mtu Mombo. Tukaingia kwa mama ntilie. Makande, 2,000. Sijakaa vizuri, sahani imefika, imefurika.

Kijiko cha kwanza nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama meza.

"Mmetokea wapi, baba zangu?" mama akauliza. Nikamwambia, kule juu, kwenye kibao.

"Ee! Kumbe ndio nyie wageni wawili wa mchana?" Akajifuta mikono kwenye khanga. "Mnisamehe jamani kwa kuchelewa. Yule kijana wa bodaboda alipata pancha."