UCHAMBUZI: Jakuzi la ng'ambo lisilo na wakala nchini ni faida au mzigo?

WENYE hoteli ndogo na nyumba za wageni, kuanzia Diani hadi Naivasha, wanakabiliwa na kishawishi kipya. Kupitia intaneti, mtu anaweza kuagiza beseni la kuogea maji moto, maarufu kama jakuzi, moja kwa moja kutoka kiwandani ng'ambo kwa bei inayovutia. Swali ni je, likiharibika, nani atalitengeneza?

Jambo la kwanza ni kwamba bei ya kiwandani si bei ya mlangoni. Tuchukue mfano wa beseni ambalo thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima hadi Mombasa, ni Sh500,000. Likitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, huongezeka Sh125,000. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 hukokotolewa juu ya jumla hiyo, nao ni Sh100,000. Hivyo, gharama inafika Sh725,000 kabla ya ada nyingine za uagizaji, malipo ya wakala wa forodha na lori.

Aidha, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina mpango ulioanza 2005 unaotaka bidhaa zikaguliwe zikiwa bado katika nchi zinakotoka. Mnunuzi asipoagana na muuzaji mapema kuhusu cheti hicho, kreti lake huenda likakwama bandarini huku gharama za kulihifadhi zikipanda.

Suala la pili ni umeme. Nchini Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50, ilhali Marekani hutumia hezi 60. Pampu ya kawaida iliyoundwa kwa ajili ya Marekani ikiunganishwa hapa, kasi yake hupungua kwa sehemu moja kati ya sita, na mota huweza kupata joto kupita kiasi. Bidhaa za Uchina na Ulaya, zinazotumia hezi 50, hazina tatizo hilo.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi imo katika maji yenyewe. Mnamo 1999, katika maonyesho ya maua mjini Bovenkarspel, Uholanzi, bakteria wa legionela walisambaa hewani kutoka kwa beseni la aina hii lililokuwa likionyeshwa tu. Watu wasiopungua 32 walifariki. Kwa hivyo, pampu au kichujio kikifa na kipuri kikawa bado baharini, mwenye hoteli hana budi kumwaga maji na kulifunga beseni. Kuendelea kulitumia ni kucheza na maisha ya wageni.

Ni kweli kuwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Lakini haki hiyo ni ngumu kuidai iwapo muuzaji yuko maelfu ya kilomita kutoka hapa na hana ofisi wala mali nchini. Dhamana ya miaka mitano haina uzito ikiwa mnunuzi ndiye atakayelipa nauli ya kurudisha beseni.

Wanaotetea uagizaji wana hoja. Wakala wa humu nchini hutoza zaidi, na si kila wakala huweka vipuri. Lakini anayemkwepa wakala anajitwika kazi ya wakala. Basi na aagize pampu ya akiba, hita na bodi ya kudhibiti umeme katika shehena iyo hiyo. Kabla ya kulipa, amwonyeshe fundi wa vidimbwi vya kuogelea michoro ya mtambo huo, na athibitishe kuwa sakafu itahimili maji ya lita 1,500, ambayo ni tani moja na nusu.

Kwa mwenye nyumba anayeoga na jamaa yake, hasara ya beseni kusimama miezi miwili inavumilika. Kwa mwenye hoteli aliyechukua mkopo na kulitangaza kwa wageni, haivumiliki. Huyo ni heri ajenge beseni la saruji na vigae, atumie pampu ya kidimbwi inayouzwa Nairobi na Mombasa, ambayo fundi wa karibu anaifahamu. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi huvunja upishi.