Tupimiwe maji kwa povu

Mama anayefua sare ya mtoto wake hapa Kathonzweni hahitaji mtaalamu wa kumwambia kuwa maji ya kisima ni ya chumvi. Hulisugua shati, povu likainuka kidogo, kisha likafa mikononi mwake. Hupaka sabuni tena. Kipande alichokikadiria kwa wiki nzima huisha Jumatano, na karai hubaki na uchafu mweupe ulioganda kingoni.

Nini huliua povu? Kila kipovu ni utando wa maji mwembamba mno. Mwaka 1973 wanasayansi wawili wa Uingereza, Geoffrey Taylor na D. H. Michael, walieleza kwamba tundu lililo dogo kuliko unene wa utando hujiziba lenyewe, ilhali lililo pana vya kutosha hupanuka hadi utando wote ukatoweka. Utando ukiwa na unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, kingo za tundu hukimbia takriban mita 7 kwa sekunde! Sabuni ndiyo mlinzi. Utando unapoanza kukonda mahali, sabuni hupungua hapo, uso wa maji hukazika, na maji ya kando huvutwa kuja kupajaza kabla tundu halijafunguka. Lakini kalsiamu na magnesiamu zitokazo miambani huikamata sabuni na kuigeuza ule uchafu wa karaini. Utando hukosa mlinzi.

Viongozi wetu huzindua visima kwa mahema na hotuba, wakivihesabu kama mbuzi. Sijaona hata kioski kimoja cha maji chenye majibu ya maabara ukutani. Nitaambiwa mwenye kiu hachagui. Sawa, lakini gharama ya chumvi hiyo hulipwa na nani, kama si mama huyu, dukani, kipande baada ya kipande? Magadi ya kufulia husaidia, nayo pia hununuliwa. Kuyachemsha maji kwataka kuni.

Kisima kijacho kisizinduliwe kabla ya majibu kubandikwa hadharani. Na siku hiyo kamati ilete chupa mbili, moja ya maji ya kisima, nyingine ya mvua iliyokingwa paani, itie katika kila moja vipande sawa vya sabuni ya mche (si ya unga, ambayo haishindwi upesi na chumvi), izitikise mbele ya akina mama, kisha mgeni wa heshima aulizwe angependa kufulia ipi.