Kufika Ughaibuni Si Kupona

Mtu akiugua akili akiwa ughaibuni, sisi wa nyumbani hatukosi la kusema. Mengi tunayosema si kweli, na yanamwongezea mgonjwa mzigo.

Tunasema: "Aliondoka na ugonjwa wake." Dai hili ni la zamani. Mwaka 1932 daktari Ørnulv Ødegaard aliandika kwamba Wanorwei waliohamia Minnesota, Marekani, waliugua skizofrenia zaidi ya wenzao waliobaki kwao, akaona huenda wanaohama ndio walio dhaifu tangu awali. Tafiti za baadaye zimelikata makali. Watu wenye asili ya Karibi wanaoishi London wanaugua kwa kiwango kikubwa kuliko ndugu zao walioko Jamaika, Trinidad na Barbados. Watoto wao waliozaliwa Uingereza, ambao hawakuhama popote, nao wanaugua vivyo hivyo. Hao waliondoka wapi na ugonjwa? Ubaguzi na upweke wamekutana navyo hukohuko walikozaliwa.

Tunasema pia: "Ni vita tu. Sasa yuko salama, atatulia." Vita inaumiza, hilo halina ubishi. Lakini kungoja nako kunaumiza. Utafiti uliotolewa 2004 uliwapima Wairaki walioomba hifadhi Uholanzi. Kati ya waliokuwa nchini chini ya miezi 6, asilimia 42 walikuwa na maradhi ya akili. Kati ya waliokaa zaidi ya miaka 2, asilimia 66. Hao walikuwa mbali na mabomu. Walikuwa wanangoja jibu, miaka inakwenda, kila barua ikidondoka mlangoni moyo unashtuka.

"Ana majini, aombewe." Aombewe, sina ugomvi na dua. Na daktari pia amwone.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Hospitali zipo, wenyewe hawaendi." Wanaenda. Mama Mkongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, anakaa mbele ya daktari wa Marekani, na mkalimani wake ni mwanawe wa miaka 12. Anaulizwa kama amewahi kufikiria kujiua. Atajibu nini, mtoto anamtazama? Atasema kichwa kinamuuma, atapewa dawa ya maumivu, atarudi nyumbani na yake moyoni.

Wewe mwenye ndugu kule Marekani, mpigie simu leo umwambie: hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inawajibika kisheria kumpa mkalimani bila malipo. Aombe wa Kiswahili, na mtoto akae nje.