Hedifoni za studio: amplifaya ya nini?

Wadau, vijana wenye studio za chumbani hapa Buguruni wakishanunua hedifoni Kariakoo, swali linakuwa moja: na amplifaya je?

Mimi nasema tusome boksi kwanza, tutafute omu, yaani ukinzani. Sony MDR-7506 ina omu 63, Audio-Technica ATH-M50x ina 38. Hizo saundi kadi unayorekodia inazimudu, maana ndani yake tayari kuna amplifaya ndogo. Mtihani ni Beyerdynamic DT 770 Pro: ipo ya omu 32, ya 80 na ya 250. Kwa volti zile zile, ya 250 inapata karibu moja ya nane tu ya nguvu inayopata ya 32. Ukiichomeka kwenye simu inalia kinyonge. Hapo amplifaya ina kazi.

Ila jamani, mlio mkubwa haunyooshi miksi mbovu. Na masikio hayana spea Kariakoo: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki.

Kwa hiyo chomeka ulichonacho. Kama sauti inatosha kabla kitufe hakijafika mwisho, hela ya amplifaya nunulia maiki nzuri, au godoro la kuua mwangwi. Nawasilisha.