Sitara si Kumficha Mke Hesabu ya Unga

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye singo ya binti wa jirani. Biharusi kakaa juu ya mkeka, liwa limemkolea mpaka shingoni, na mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu akamwinamia akamwambia: "Mwanangu, mumeo akipungukiwa usimuulize. Pika kilichopo, funga mdomo. Hiyo ndiyo sitara ya nyumba." Vigelegele vikapigwa. Mie nikanyamaza, kwanza kwa adabu, pili mdomo ulikuwa umejaa halua. Lakini toka siku hiyo maneno yale yananikaa kooni, maana ndiyo hayo hayo niliyoambiwa katika singo yangu mwenyewe, nami nikayafuata, na yalinigharimu magunia ya mahindi na damu ya mwilini mwangu.

Wanaonijua wanajua kwamba baada ya harusi nilihamia bara. Sio Dar wala Tanga. Ni Genkuru, kijiji cha Tarime mkoani Mara, jirani na Nyamongo kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002, na tangu hapo watu wa kila kabila wamekwenda kule kutafuta riziki, mume wangu akiwa mmojawao. Alikuwa dereva kwa mkandarasi mmoja. Siitaji kampuni yenyewe, na wala haikutudhulumu: mkataba wake uliisha, madereva wakaambiwa asanteni. Mambo hayo hutokea. Visiwani tuliyaona sote mwaka 2020, ndege za watalii zilipoacha kuja mwezi Machi, na nyumba zilizokuwa zikila kwa mshahara wa hoteli zikajikuta ghafla zinahesabu vikombe vya mchele.

Basi mume wangu hakuniambia.

Kwa wiki 5 aliamka alfajiri, akasali, akavaa viatu vyake vya kazini, akatoka. Kumbe anakwenda kukaa Nyamongo na wenziwe, wakingoja kusikia kama kuna mkandarasi mwingine anayechukua madereva. Jioni anarudi, ananipa pesa ya matumizi ile ile, kutoka akiba yetu. Nami, mke niliyefundwa nikafundika, napika kama mke wa mwenye mshahara. Wali, nyama mara 2 kwa wiki, chai ya maziwa na mkate wa kusukuma. Wageni kutoka Musoma walikuja tukawapikia pilau. Kila sahani niliyoitoa kwa bashasha ilikuwa inakula siku zetu za mbele, na mie sina habari.

Nilijulia mashineni. Nimesimama na ndoo yangu kwenye foleni ya kusaga, mke wa dereva mwenzake akanishika mkono: "Poleni jamani, na sisi hivyo hivyo, toka kazi iishe." Nikaitikia kana kwamba najua. Nikarudi nyumbani na unga, nikakaa kizingitini.

Hebu sasa mnipigie hesabu, nyie mnaosema mke asiulize. Tulikuwa midomo 6: sisi wawili, watoto watatu na shemeji yangu. Uji wa asubuhi na ugali mara mbili ni karibu kilo 2 za unga kwa siku. Gunia la debe 6, ukilinunua mahindi mazima na kuyasaga mwenyewe, lingetufikisha karibu siku 50. Wiki ile kazi ilipoisha ilikuwa msimu wa kuvuna, mahindi yako chini, watu wanayaanika hadi kando ya barabara. Akiba yetu ingenunua magunia kadhaa na dagaa wa kutosha. Nilipokuja kujua, nusu na zaidi ya ile akiba ilikuwa imekwishageuka nyama na pilau, na wanunuzi walikuwa wameshabeba mahindi mengi kwa malori. Kupoteza kazi hakukutufikisha kwenye daftari la deni la duka. Zile wiki 5 za kufichana ndizo zilizotufikisha.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kikurya, mkulima, jembe na ng'ombe. Nilipomweleza, hakunipa pole. Aliniuliza swali moja: "Sasa wewe ghala lako unalifunguaje bila kujua limebaki nini?" Yeye alikuwa na ghala lake nyuma ya nyumba, na angeweza kukwambia mtama na mahindi yake yataisha wiki gani, hata kabla ya mvua kunyesha. Mwaka mbaya ukija anaujua mapema: anapunguza kikombe mapema, anapanda viazi mapema, anauza kuku kabla hawajakonda. Mie niliyejiona mtoto wa mjini mwenye kujua mapishi 7 ya pweza, ghala langu lilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine na sina ruhusa ya kuchungulia.

Na hata pale kijijini kulikuwa na wanawake waliofikishwa hapo hapo kwa njia nyingine. Shamba likichukuliwa na mgodi, fidia niliyoiona mimi ilihesabiwa mikononi mwa baba mwenye mji. Shamba alilima mama. Kuna mama alikuwa hajawahi kununua unga maishani mwake. Mwaka mmoja baadaye nilimkuta dukani anapimiwa kilo moja moja, hajui zile pesa zilikuwa ngapi wala zimekwenda wapi. Yeye hana singo, hana somo, hana liwa, lakini fundisho alilopewa ni lile lile letu: usiulize.

Mtanijibu kwamba dini imetuamrisha kuwasitiri waume. Sawa kabisa. Mume ana haki ya kwamba nisitoke nje nikatangaza kuwa nyumbani kwake hakuna chumvi. (Ndiyo maana nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Amesema andika, ila usitaje jina, na usiseme nililia. Nimetii la kwanza.) Lakini sitara ni pazia la mlangoni, linalozuia jicho la mtu wa nje. Pazia likitundikwa katikati ya chumba, baina ya mume na mkewe, hilo limekuwa kitu kingine.

Tusome basi. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anazungumzia mama anayenyonyesha: baba ampe chakula na mavazi kwa wema na kadiri ya uwezo. Aya hiyo hiyo inasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Kumwachisha mtoto ziwa tu kunataka mashauriano, itakuwa chakula cha watoto wote nyumbani? Na Surat At-Talaq, aya ya 7, inampa nafuu mwanamume mwenyewe: aliyebanwa riziki atoe kwa kadiri alichopewa, hakalifishwi zaidi. Hakuna anayemdai wali wa nyama. Aibu anayoiogopa hakuwekewa na dini, kawekewa na sisi wenye vigelegele.

Tena kuna kisa cha Hind binti Utba, ambacho makungwi wetu hawakitaji wakati wa kusinga. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitaki mumewe Abu Sufyan kuwa hampi yeye na watoto matumizi ya kutosha. Hakuambiwa kafunge mdomo. Aliruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Mwanamke aliuliza, tena habari ya pesa za mume, na akajibiwa.

Nirudi Genkuru. Tulipoambiana ukweli, maisha hayakuwa mazuri lakini yakawa yanahesabika. Wali ukahamia Ijumaa. Dona badala ya sembe, na si kwa unafuu tu, tumbo linashiba zaidi. Dagaa wa ziwani, wanaonuka kwa mtoto wa pwani mpaka uzoee, lakini kikombe kimoja ukikikaanga na nyanya na kitunguu kinalisha watu 6 na watoto wanapata kitu mwilini. Mgagani na mnavu nilichuma kwa jirani, mboga chungu, nikajifunza kuzichemsha na kuzitia maziwa. Mafuta niliacha kununua ya kupima kwa kijiko kila siku, maana hakuna ulaji wa gharama kama ule: ukijumlisha vijiko vya mwezi unakuta umelipa chupa na nusu. Viazi vitamu asubuhi, chai kavu. Khalas.

Ila kulikuwa na sahani moja ambayo hatukuihesabu, nayo ilikuwa yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Mume kwanza, shemeji, watoto, kisha mama anakwangua ukoko na kunywa mchuzi uliobaki. Hakuna aliyenilazimisha, mikono yangu mwenyewe ilipakua hivyo, ndivyo nilivyoona kwa mama na kwa bibi. Nilipokwenda kliniki damu ilikuwa chini. Nesi akaniuliza jana nilikula nini, nikaanza kumtajia nilichopika. Akanikatiza: "Sikuulizi ulichopika." Sikuwa na jibu. Toka siku ile mume wangu ndiye aliyekuwa akinipakulia, na dagaa wa kwanza walianza sahani yangu. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillah, lakini naogopa nikifikiria wangapi wanasifiwa subira huku damu inawaishia.

Halafu dhahabu. Niliuza bangili zangu 2 za mahari tukalipa deni la duka. Ukweni wakasema, "Ndiyo kazi ya dhahabu hiyo." Hapana, wakwe zangu, sio kazi yake. Mahari ni mali ya mke, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud, alipotaka kujua kama anaweza kumpa mumewe na mayatima anaowalea, jibu lilikuwa kwamba ana malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Sadaka, dada zangu! Mtu hawezi kupewa sadaka kisha akaidai kama haki. Mie nilimwambia mume wangu kabla ya kuuza: hii moja nakupa, hii nyingine nakukopesha. Akacheka. Alipopata kazi tena, huko Shinyanga, miezi 8 baadaye, alilipa ile ya mkopo.

Sasa wewe biharusi, kabla mkono haujakauka hina, muulize mumeo mtarajiwa: siku kazi ikiisha, nitaambiwa siku ngapi baadaye? Jibu zuri ni siku ile ile. Akikasirika kwa swali tu, mweleze walii wako kabla ya Ijumaa ya ndoa. Na nyinyi masomo, mnaokaa siku 7 mkimfunza mtoto wa watu kujifukiza udi, mpeni japo mchana mmoja wa kupima kilo za unga kwa idadi ya midomo.

Yule binti wa singo anaolewa keshokutwa. Nimemtafuta faraghani nikamweleza yote haya, akasikiliza, akasema atamuuliza mchumba wake. Jana dada yake amenipigia simu, anataka kujua kama debe la mahindi linafaa kuwa zawadi ya harusi au watu watacheka. Nimemwambia wacha wacheke, na asiyasage, yakae mazima mpaka yahitajike.